Mbwa mwoga kutoka ng'ambo: dalili, sababu na hatua za kuchukua ukiwa Arusha au Moshi

Mbwa aliyeokotwa mitaani Romania au Uhispania, akapandishwa ndege na kushushwa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), anafika akiwa hajui sauti wala harufu hata moja ya hapa. Akijificha siku za kwanza, hilo ni la kawaida. Kinachotutesa huku kwetu ni kwamba woga na ugonjwa wa kupe vinafanana mno: kujikunyata pembeni, kukataa chakula, kutetemeka, kutotaka kuguswa. Mbwa wengi waliozaliwa hapa wamekutana na vimelea vya ugonjwa huo tangu wakiwa watoto. Mgeni wa Ulaya huenda hajawahi kukutana na aina za hapa, na anaweza kufa ndani ya siku chache huku watu wa nyumbani wakisema, "Mwacheni, bado anazoea." Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini mwili unakaguliwa kwanza, tabia baadaye.

Kabla hajafika, weka tayari kipimajoto cha kidijitali (kinauzwa duka lolote la dawa), kibano cha kutolea kupe, kamba mbili, hanesi (mikanda ya kuvalishwa kifuani) yenye mikanda mitatu, kibati chenye namba yako ya simu, na kilo mbili za chakula kilekile alichokuwa akila alikotoka. Andika kwenye karatasi moja nchi aliyotoka, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa za minyoo na kupe alizopewa, na namba ya chipu (kitambulisho kidogo kilicho chini ya ngozi). Karatasi hiyo ndiyo daktari atakayoiomba kwanza.

Ukaguzi wa dakika tatu

Ufizi: inua mdomo wa juu upande mmoja, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia, hesabu moja, mbili. Rangi ya pinki irudi kabla hujamaliza mbili. Kama ufizi wake ni mweusi, vuta kidogo kope ya chini uangalie nyama ya ndani.

Joto: paka kipimajoto mafuta ya mgando, ingiza kama sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Kawaida ni 38 hadi 39.2. Likizidi 39.5 mpigie daktari. Likifika 40 mpeleke sasa hivi. Joto chini ya 37.5 nalo ni hatari.

Pumzi: akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kati ya 10 na 30 ni sawa.

Mkojo: rangi ya njano haina shida. Rangi ya chai ya rangi, kahawa au damu ni dharura.

Mbwa asiyekubali kuguswa usimkamate kwa nguvu ili umpime. Tandaza tishu nyeupe mahali anapokojoa uone rangi, hesabu pumzi ukiwa mbali, na tazama kama ananyanyuka ukiondoka chumbani. Mwoga mzima kwa kawaida hunyanyuka akibaki peke yake. Mgonjwa sana mara nyingi hanyanyuki.

Hatoki kwenye kreti (sanduku alilosafiria), au amejibanza chini ya sinki

Sababu inayoongoza ni watu wengi mno na nafasi kubwa mno. Familia nzima imekuja kumwona, jirani naye kachungulia, watoto wamepiga magoti mbele ya kreti. Toa watu wote. Mpe chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa, stoo au chumba cha wageni, funika kreti kwa khanga pande tatu, acha mlango wa kreti wazi na maji karibu. Mtu mmoja aingie mara nne au tano kwa siku, akae sakafuni amempa mbwa ubavu, asome simu yake, aondoke. Asimtazame machoni, asinyooshe mkono. Siku tatu za namna hiyo zinafaa kuliko wiki ya kubembeleza.

Sababu ya pili ni sakafu. Mbwa wengi wa makazi ya kuokolea wanyama hawajawahi kukanyaga vigae vinavyong'aa, na mmoja akiteleza mara moja tu hasogei tena. Tandika mkeka au zulia kuukuu kutoka kwenye kreti mpaka mlangoni.

Maumivu ni ya tatu: nyonga, meno, mguu uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Akitoka usiku lakini anachechemea au anapinda mgongo, hilo ni la daktari. Usimpe diclofenac, ibuprofen wala paracetamol ya binadamu. Zinatoboa tumbo na kuharibu figo na ini la mbwa.

Usimvute kwa kamba wala usiinamishe kreti ili amwagike nje.

Hali chakula

Saa 24 za mwanzo usihangaike, mradi anakunywa. Mbwa wa kilo 15 anahitaji takriban robo tatu ya lita hadi lita moja kwa siku. Tia maji kwa kikombe cha kupimia ili ujue kiasi kilichopungua, maana bakuli kubwa linadanganya macho.

Mara nyingi hali kwa sababu anatazamwa. Weka chakula, zima taa, ondoka, rudi baada ya nusu saa uondoe kilichobaki. Wengi hula usiku wa manane nyumba ikiwa kimya.

Au chakula ni kigeni. Ugali na dagaa ni chakula kizuri, ila aliyelelewa kwa chakula kikavu cha mfuko hajui kama hicho ni chakula. Mpe kile cha kwao, kisha changanya kidogo kidogo kwa siku saba: robo, nusu, robo tatu. Ukitaka kumfungua hamu, chemsha kuku na wali bila chumvi, bila kiungo chochote. Kitunguu kisiingie kabisa, hata kile cha mchuzi uliobaki, kwa kuwa kinavunja chembe nyekundu za damu. Mifupa iliyopikwa nayo weka mbali. Inapasuka vipande vyenye ncha.

Kichefuchefu cha safari huisha ndani ya siku moja. Kikiendelea pamoja na kutapika au kuhara maji, usisubiri.

Mpigie daktari: mbwa mzima ambaye hajala kwa saa 48, mtoto wa mbwa ambaye hajala kwa saa 12, au yeyote ambaye hajanywa maji siku nzima.

Amepoa kupita kiasi. Alikuwa ameanza kuzoea, sasa amerudi nyuma

Hapa ndipo mbwa wengi wanapopotea, na ndipo tunaomba usome taratibu.

Woga wa kuhamia hupungua siku hadi siku, hata kama ni kwa hatua ndogo. Mbwa aliyeanza kutikisa mkia wiki ya kwanza, kisha wiki ya pili au ya tatu akalala tu, hajakumbuka huzuni za zamani. Hesabu siku tangu alipotoka uani kwa mara ya kwanza. Ugonjwa unaoletwa na kupe hujitokeza takriban wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, na siku zinaangukia hapohapo.

Kinachoua haraka zaidi ni babesia, kimelea kinachopasua chembe nyekundu za damu. Ufizi unakuwa mweupe au wa njano, joto linapanda, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, mbwa anahema ingawa amelala. Cha pili ni ehrlichia, kinachokuja polepole: homa ya kupanda na kushuka, kukonda, damu puani, madoa madogo mekundu tumboni. Mbwa anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Hatua rahisi kwanza: fanya ukaguzi wa dakika tatu, kisha msake kupe ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia, kwapani na chini ya mkanda wa shingo. Ukimpata, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute wima. Usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa. Kutokumwona kupe hakumwondolei mbwa hatari, kwa sababu kupe huwa ameshashiba na kudondoka zamani.

Hatua inayofuata ni ya daktari wa mifugo mwenye hadubini: tone la damu kwenye kioo, jibu siku hiyohiyo. Babesia ina dawa, ehrlichia hutibiwa kwa doxycycline kwa wiki kadhaa, kwa kawaida siku 28, hata kama mbwa amechangamka siku ya nne.

Sasa onyo. Usikubali mtu wa duka la dawa za mifugo amchome sindano kwa kukadiria uzito kwa macho. Diminazene, ambayo imezoeleka kwa ng'ombe, ina nafasi ndogo sana kwa mbwa kati ya dozi inayotibu na ile inayoharibu ubongo; lazima apimwe kwa mizani. Ivermectin nayo, ambayo huku huchomwa kwa ajili ya ukurutu na kupe bila kuuliza swali, inaweza kumuua mbwa mwenye damu ya Collie au ya mbwa wachunga kondoo wa jamii hiyo. Mbwa wa mitaani wa Ulaya huwezi kujua babu yake alikuwa nani. Mwambie daktari kabla hajafungua chupa.

Kama damu haina vimelea vya kupe, mwonyeshe ile karatasi. Wanaotoka nchi za Mediterania wanaweza kuja na leishmania (nywele kupukutika kuzunguka macho, kucha ndefu kupita kiasi, vidonda visivyopona) au minyoo ya moyo (kikohozi, kuchoka upesi). Daktari wa hapa ataelekea kwenye magonjwa ya hapa, na ni haki yake, hivyo wewe ndiye wa kumtajia nchi.

Kinga ni vidonge vya kutafuna vya kuzuia kupe, vya mwezi mmoja au mitatu. Aanze kabla ya kupanda ndege, au siku anayofika.

Anatetemeka

Tofautisha mambo matatu. Akitetemeka watu wakiwepo na kutulia wakiondoka, ni woga. Akitetemeka alfajiri ya Juni au Julai, hasa nyumba za juu kuelekea Meru au vijiji vya mlimani Kilimanjaro, ni baridi. Mbwa mwembamba aliyetoka makazi yenye joto anahitaji blanketi na godoro lililoinuliwa kutoka kwenye saruji. Akitetemeka huku anatoa udenda mwingi, mboni zimekuwa ndogo, misuli inacheza chini ya ngozi, ni sumu: ya panya, ya mazao, au nyama iliyotegwa. Kimbia kwa daktari na kasha la sumu kama limeonekana. Maziwa na mafuta ya kula hayaondoi sumu, yanapoteza dakika.

Anakojoa ndani, au hakojoi kabisa

Mbwa aliyeishi kwenye banda la saruji amefundishwa na maisha kukojoa kwenye saruji, na nyasi za Kikuyu za uani kwako hazimwambii kitu. Chukua kitambaa alichokojolea, kiweke nje pale unapotaka aende, mtoe alfajiri na usiku wakati ua hauna watu. Kwa kamba, daima kwa kamba. Usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza tu kukojoa mahali usipomwona, nyuma ya kochi.

Saa 24 bila tone ni za daktari. Kujikamua bila kutoa kitu ni za daktari leo.

Ananguruma, ametishia kung'ata, au amemng'ata mtu

Kunguruma ni neno lake la mwisho la adabu. Kabla ya hapo alikwisha lamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa, kuonyesha weupe wa jicho, kisha kuganda kama mti. Akinguruma, simama, tazama pembeni, rudi nyuma hatua mbili. Ukimpiga ananyamaza, na siku nyingine anang'ata bila kutoa taarifa.

Angalia ulifanya nini sekunde tano kabla. Mara nyingi ni mojawapo ya hivi: mkono ulitoka juu kuelekea kichwani, mtu aliinama juu yake, bakuli liliguswa, au njia yake ya kutokea ilizibwa. Rekebisha hilo hilo. Kama alianza ghafla bila sababu, rudi kwenye maumivu na homa.

Akivunja ngozi ya mtu: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mfungie mbwa mahali salama, usimwue, toa taarifa kwa ofisa mifugo; kumwangalia akiwa hai kwa siku kumi kunasaidia madaktari kuamua.

Mbwa aliyeng'ata mara mbili, au aliyemng'ata mtoto usoni, amevuka kiwango cha mwongozo huu. Ongea na daktari wa mifugo ana kwa ana.

Anamwogopa mtu mmoja tu

Mara nyingi ni askari wa getini: koti refu, mabuti, rungu, tochi. Au ni fagio, siyo mtu. Mtazame vizuri mbwa wakati dada anafagia, utaona macho yake yanafuata mti wa fagio tu.

Usimlazimishe askari "kufanya urafiki". Mpe dagaa wachache mfukoni. Apite umbali wa mita tatu au nne, adondoshe wawili bila kugeuka, aendelee na safari yake. Asisimame, asimwite. Afanye hivyo mara kumi kwa siku, na baada ya siku kadhaa mbwa ataanza kuufuata ule mstari wa dagaa kwa pua. Fagio lilazwe chini nusu siku na dagaa juu yake.

Kama dada wa nyumbani anaogopa mbwa, au dini yake inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa, asilazimishwe kumlisha. Weka geti dogo la wavu ili afanye kazi upande wake kwa amani. Na usishangae mbwa akimkaribia yeye kwanza: mtu asiyemtazama na asiyemfuata ndiye anayeaminika upesi zaidi na mbwa mwoga.

Usiku halali, analia, anakwaruza mlango

Mvua ya masika juu ya bati hata sisi hutuzibia masikio. Chumba chenye dari kinasaidia. Redio ya sauti ya chini inasaidia. Kukaa naye inasaidia, na humwongezei woga kwa kumliwaza. Adhana, spika za mkesha na mbwa wa jirani huzoeleka ndani ya wiki chache. Ngurumo na fataki za mwaka mpya huenda zisizoeleke; daktari ana dawa za kumtuliza, ziombwe wiki kabla.

Ila msimu wa mvua, akilia ghafla usiku, washa taa utazame sakafu kabla ya kumnyamazisha. Siafu huingia kimya, na mbwa aliyefungwa kwenye kreti au mnyororo hana pa kukimbilia. Mbwa huyu asilale nje akiwa amefungwa.

Akijikuna usiku, pekua manyoya. Vijipu vyenye tundu dogo katikati ni funza wa inzi wa maembe, anayetaga kwenye matandiko yenye unyevu. Paka mafuta ya mgando juu ya tundu, subiri, mtoe taratibu mzima mzima. Matandiko yapigwe pasi ya moto kama nguo za mtoto.

Anajichomoa kwenye kamba, au ametoroka

Kuzuia kwanza, kwa sababu kumrudisha mbwa mwoga ni kazi ya siku na siku. Kreti isifunguliwe KIA kwenye maegesho, wala Usa River au Boma Ng'ombe eti apate hewa. Ifunguliwe ndani ya chumba, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa.

Nje avae hanesi na mkanda wa shingo, kila kimoja na kamba yake. Mkanda uingie vidole viwili, si vitatu. Hanesi ya mikanda miwili mbwa mwoga huivua kwa kurudi nyuma tu. Wa tatu, unaopita nyuma ya mbavu, ndio unaomzuia. Ijaribu chumbani: simama mbele yake, vuta kamba polepole, uone kama inapanda kichwani.

Watoro wengi hupitia getini gari linapoingia. Honi ikipigwa, askari afungue baada ya kusikia kwamba mbwa yuko ndani. Kagua uzio: ukuta chini ya mita 1.8 unarukwa, na michongoma ina matundu chini ambayo wewe huyaoni mpaka upige magoti.

Akishatoka:

Usimkimbilie. Usiite jina lake kwa sauti, halijui bado. Kaa chini, mpe ubavu, dondosha chakula. Akiondoka, mwache aondoke ila tazama uelekeo.

Peleka picha na namba ya simu kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa balozi, mwenyekiti wa mtaa na ofisa mifugo wa kata, ili akionekana asihesabiwe mbwa mzururaji. Maneno ya kuwaambia ni haya: "Ukimwona piga simu, usimfukuze." Zawadi itolewe kwa taarifa, siyo kwa kumkamata, ukiahidi pesa kwa atakayemkamata, vijana ishirini watamkimbiza mpaka barabara kuu ya Moshi–Arusha.

Mchana hujificha: kwenye migomba, mahindi, kahawa, au makorongo ya Themi, Naura, Karanga na Rau. Hutembea alfajiri na usiku. Weka sehemu moja ya chakula chenye harufu, utumbo wa kuku wa kuchoma au samaki, saa ileile kila siku, na kreti yake wazi yenye khanga uliyoivaa. Akianza kula hapo kila siku, tega mtego wa wavu palepale, ukae mbali ukiuangalia wakati wote, kwa sababu ya siafu na jua. Chipu humsaidia tu akifikishwa kwa mwenye mashine ya kuisoma; kibati cha shingoni kila bodaboda anakisoma. Hata hivyo badilisha namba kwenye usajili wa chipu iwe ya +255.

Akirudi, maji kidogo kidogo, chumba chake, kimya. Msake kupe jioni hiyo na tena kesho asubuhi. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha pima joto kila asubuhi kwa siku 21.